Wala si Brandt Harbor

Jumanne, 3 Februari

Gavana kaukataa tena. Mswada wangu wa kuruhusu pikipiki za theluji kuegeshwa kwenye viwanja vya makanisa. Mswada mzuri, wa haki, wa kumcha Mungu. Kaandika pembeni kwamba hauoni umuhimu wake. Umuhimu! Akamuulize Padri Stan, ambaye waumini wake wanaingia misani buti zikichuruzika maji, maana pikipiki wanaziacha ziwani.

Sikumbuki huu ni wa ngapi. Tangu Marlys Haugstad aingie ofisini, hajawahi kutia saini mswada hata mmoja wenye jina langu. Kila nikipitisha kitu bungeni, yeye anakipigia kura ya turufu. Sasa wenzangu wananiita Bwana Turufu. Aliyeanzisha ni Lyle Brusewitz, mbunge wa Brandt Harbor, mji wa ng'ambo ya ziwa letu. Jana kwenye lifti kaniuliza kama nimeshapata kofia yenye hilo jina, maana yeye ana shemeji anayedarizi. Nilicheka. Nilicheka vizuri tu, kiungwana. Nitamkomesha.

Jioni simu kutoka nyumbani, Pelkey Falls. Darlene, mke wangu. Habari za pikipiki hakuuliza. Kasema wametangaziwa kazini kwamba jimbo litabakiza kituo kimoja tu cha vifaranga vya samaki huku kaskazini. Ama chetu kikarabatiwe, ama kijengwe kipya Brandt Harbor. Bunge ndilo litakaloamua. Darlene analisha vifaranga pale tangu kabla hatujaoana. Nusu ya mtaa wetu inakula kwa kituo kile. Kaniuliza, kwa sauti ya chini, kama safari hii naweza kufanya kitu kweli. Nikamwambia aniachie mimi. Akasema haya, akakata simu. Ile "haya" sikuipenda.

Jumatano, 4 Februari

Mswada nimeuandika. Sentensi moja! Watu wanadhani sheria lazima ijae makaratasi. Imesema hivi: "Kituo cha vifaranga vya samaki cha kaskazini kitakuwa Pelkey Falls."

Nikaisoma. Nzuri, ila imepooza. Haina chumvi. Mtu akiisoma atajuaje kwamba kuna walioshindwa? Nikaongeza: "wala si Brandt Harbor." Hapo ikakaa sawa. Nikaenda kuisoma kwa sauti mbele ya kioo, kwenye choo cha wabunge. Nikaisoma tena, nikinyoosha kidole kwenye "wala". Mlango mmoja ukafunguka nyuma yangu, akatoka Lyle. Alikuwa humo muda wote. Akanawa mikono, akaikausha, akasema sentensi imetulia, Mheshimiwa. Akaondoka zake.

Amekata tamaa. Nilimwona usoni.

Alhamisi, 5 Februari

Lyle kaja ofisini kwangu na kahawa na donati ya jamu. Kwa hiari yake! Kasema ameufikiria mswada wangu tangu jana, na kama jirani anaona una pengo. Kituo kitasimama pale miaka na miaka, na mpita njia hatajua ni nani aliyekipigania. Pale mlangoni panafaa kibao. Cha shaba.

Nikamwambia polepole, bwana. Kibao ni hela, na mswada wenye hela una hatari zake. Mimi si mtoto. Katika jimbo letu mswada usio na hela humpa gavana njia mbili tu: ausaini wote au aukatae wote. Ukishatia hela ndani, hata ya kununulia misumari, kalamu yake inaruhusiwa kuingia na kufuta neno lolote apendalo. Kuongeza hawezi. Kufuta, ruksa.

Lyle akasema kweli kabisa, ila sasa hapo afute nini? Akichukia sana atafuta kibao, basi. Na ukimpelekea mswada usio na hela, si ataukataa wote kama kawaida yake, Bwana Tu... Akajiziba mdomo. Akaniomba radhi. Nilipomwona anaomba radhi nikajua jamaa ameiva.

Kibao kimeingia. Sasa sheria yangu inasomeka hivi: "Kituo cha vifaranga vya samaki cha kaskazini kitakuwa Pelkey Falls, wala si Brandt Harbor, na mlangoni kutawekwa kibao chenye jina la Mheshimiwa Wendell Kuchta."

Donati ilikuwa ya jana. Sikumwambia.

Jumanne, 10 Februari

Umepita! Bunge letu asubuhi, seneti kabla ya chakula cha mchana. Hakuna aliyepinga. Lyle hakutosheka kupiga kura ya ndiyo, akasimama na kuhutubia. Kasema katika miaka yake yote bungeni hajaona sheria iliyoliweka jina la Brandt Harbor mahali pazuri kiasi kile. Ukumbi mzima ukacheka. Na mimi nikacheka. Sikuelewa kinachochekesha ni nini, lakini sikutaka nionekane sijaelewa.

Bado gavana. Hapa ndipo miswada yangu yote hufia. Safari hii nina mbinu.

Jumatano, 11 Februari

Mbinu ni jibini. Ile mbichi ya vipande vipande, inayolia kwenye meno. Gavana ni mtoto wa wafugaji, na jibini ya kwetu haina mpinzani. Jana usiku pia timu yetu ya magongo ya barafuni ilishinda, kwa hiyo kila mtu alikuwa na furaha. Nikabeba mfuko mkubwa. Mlinzi akauchungulia, akaonja, akamwita mwenzake naye aonje. Nilipoingia ulikuwa mfuko wa wastani.

Nikakutana na gavana ana kwa ana kwenye ngazi. Mwanamke mrefu, hana haraka, anakutazama mpaka unajikagua vifungo. Akapokea jibini. Akasema mswada wangu uko mezani kwake. Akaniuliza, Mheshimiwa Kuchta, hayo maneno ya Brandt Harbor unayahitaji kweli? Sentensi ingetosha bila hayo. Kama ningependa kuurudisha bungeni niyaondoe, angengoja.

Niliuona mtego hapohapo. Anataka kuninyang'anya utamu! Nikamwambia Mama Gavana, hayo ndiyo roho ya mswada wangu, nakuomba sana usiyaguse. Akanitazama tena. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema mia kwa mia. Akasema basi vyema, Brandt Harbor hataigusa. Akapanda ngazi huku anatafuna.

Ameahidi kwa mdomo wake! Mashahidi ni walinzi wawili.

Alhamisi, 12 Februari

AMETIA SAINI.

Nimepigiwa simu kutoka ofisi yake. Dada wa upande wa pili kasema mswada umetiwa saini "kwa sehemu" na nakala inakuja, tafadhali niisome. Nikamwambia dada yangu, nimeuandika mwenyewe, nisome nini tena. Hiyo sehemu najua ni kibao. Kafuta kibao changu kwa wivu. Sawa. Mimi si mtu wa makuu.

Nikampigia Darlene. Nikasikia analia. Kasema alikuwa ameshaomba kazi ya dukani, kwenye duka la rangi, na kwamba kila siku akiingia kituoni alikuwa anavitazama vile vifaranga anaona anaviaga. Kasema, "Wendell, nisamehe. Sikuamini utaweza." Mimi na yeye tumeoana zamani sana, na sidhani amewahi kuniambia neno lililonifurahisha hivyo. Nilikaa kwenye kiti nikiwa nimeshika simu hata baada ya kukata.

Kesho nyumbani. Kesho ni samaki wa Ijumaa kwenye baa ya Bernie. Mji mzima utakuwepo.

Ijumaa, 13 Februari

Niandike upesi nimalize.

Baa ya Bernie ilijaa mpaka barazani. Samaki wa kukaanga, chapati za viazi, kabichi, brandi yenye cheri. Watu wa kituoni wote walikuja na makoti yao ya kazi. Padri Stan alinikumbatia. Bernie alikataa hela yangu, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ukoo wao. Wakanipandisha kwenye kiti. Wakataka hotuba. Nikahutubia. Nikasema maneno machache kuhusu Brandt Harbor ambayo yalipokelewa vizuri.

Ndipo Darlene akasema nisome sheria yenyewe. Macho yake yaling'aa. Nakala ilikuwa mfukoni, bado kwenye bahasha. Nikaifungua, nikasafisha koo, nikaanza kwa sauti ya madhabahuni: "Kituo cha vifaranga vya samaki cha kaskazini kitakuwa..."

Palikuwa na mstari. Mstari mwembamba, wa wino, ulionyooka. Umepita juu ya "Pelkey Falls". Umepita juu ya "wala si". Ukaishia hapo.

"...Brandt Harbor," nikasoma, maana mdomo ulikuwa umeshaanza safari. Na kwa kuwa sikujua nifanye nini kingine, nikamalizia: "na mlangoni kutawekwa kibao chenye jina la Mheshimiwa Wendell Kuchta."

Kibao hakukigusa.

Mafuta ya kukaangia ndiyo pekee yaliyokuwa yanasema. Bernie akaja, akaondoa sahani yangu. Nilikuwa bado juu ya kiti. Mzee mmoja wa kituoni akauliza, bila hasira, kama nimesema Brandt Harbor. Darlene akachukua koti lake. Tukaenda nyumbani, yeye anaendesha, redio kaifungulia sauti ya juu. Heri angenitukana. Niliona aibu.

Jumatatu, 16 Februari

Nimerudi mjini kupigana. Bunge linaweza kuipindua turufu ya gavana likipata theluthi mbili ya kura. Nikaenda kwa Spika. Spika kanisikiliza akiwa ameshika kichwa. Kaniuliza kama nataka awaombe wabunge waipinge sheria niliyoileta mimi, waliyoipitisha wote, yenye jina langu kwenye shaba. Nikasema kwa kifupi, ndiyo. Akasema kwa hesabu yake nina kura moja, na hata hiyo ana wasiwasi nayo.

Nikamwandama gavana kwenye ukumbi wa chini. Nikamwambia aliniahidi. Akasema aliahidi hataigusa Brandt Harbor, na hakuigusa. Akaongeza, kwa upole ulioniuma kuliko ukali, kwamba kituo kingekuwa kwetu leo kama ningekubali kuondoa maneno manne. Yeye alikuwa tayari kwa mji wowote. Alichoka tu kuletewa sheria zenye matusi. Akanishukuru kwa jibini.

Uhuni mtupu. Mtu mzima, na kalamu.

Lyle alinisubiri mlangoni na donati mbili. Kasema watu wa Brandt Harbor wanauliza ninapendelea herufi za aina gani kwenye kibao. Nikamwambia sina maneno na yeye. Halafu nikamwambia herufi kubwa, zenye mikia.

Jumamosi, 21 Februari

Nyumbani. Darlene sasa anaongea na mimi, ila kwa mambo ya lazima. Kazi hajapoteza: wale wa zamani watahamishiwa Brandt Harbor kituo kikikamilika. Duka la rangi kalikataa. Kasema hawezi kuviacha vifaranga. Lakini itabidi azunguke ziwa zima kila siku, kwenda na kurudi, na barabara ile theluji ikianguka haionekani. Kona ya pale kwa akina Maki imeshameza magari. Leo asubuhi kasimama dirishani na kikombe chake, kasema haogopi kazi wala umbali. Anaogopa ile kona. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anasema tu.

Kilinichoma. Nikaingia chumba cha pili, nikafunga mlango, nikaandika. Gari la kuondoa theluji likilala upande wetu, barabara yake itasafishwa kabla hajatoka nyumbani. Rahisi! Sentensi moja: "Gari la kuondoa theluji la wilaya litalala Pelkey Falls badala ya Brandt Harbor, na ubavuni litapakwa rangi nyekundu jina la Kuchta."

Nikampelekea jikoni. Nilitaka aone kwamba mume wake hajalala. Akaisoma akiwa amesimama. Akaniomba kalamu. Akafuta "badala ya Brandt Harbor". Akafuta rangi, akafuta jina, akafuta kila kitu mpaka mwisho. Ikabaki: "Gari la kuondoa theluji la wilaya litalala Pelkey Falls." Akanirudishia karatasi, akanishika shavu kidogo, akarudi kumenya viazi.

Maskini Darlene. Samaki anawajua, sheria haijui. Ameikata mpaka imepooza kabisa. Nimeyarudisha yote, na nimempigia Lyle. Kasema ataniunga mkono kwa moyo mmoja, na anashauri tuongeze taa ndogo juu ya jina.