Baiskeli Iliyobonyea Mbele ya Kamati

Umma unatangaziwa, kwa furaha isiyo na kifani, kwamba baiskeli imepimwa. Imepimwa kitaalamu, kikamilifu na kwa uwazi, na katika zoezi zima haikukanyaga barabara hata mara moja.

Aliyesimamia kazi hiyo ni Mwenyekiti wa Kamati ya Tathmini ya Vifaa vya Umma, bwana mwenye kiwiliwili cha kabati na sauti isiyohitaji kipaza sauti. Mwenyekiti aliamini kwamba kifaa kizuri hujulikana mezani. Buti za wazima moto alizipima mezani. Mwavuli wa mlinzi wa getini aliupima mezani, siku ya jua kali, akauandikia: "Haujavuja."

Safari hii aliletewa jambo zito zaidi: baiskeli ya milimani, yenye shokapu mbele na shokapu nyingine chini ya kiti, tairi pana zenye meno, na breki kali kuliko ulimi wa wifi.

Mwenye kuihitaji alikuwa mkunga wa zahanati. Zahanati iko chini ya kilima. Gari likizunguka kwa nyuma hufika hadi kwenye tangi la maji kileleni, lakini nyumba zote ziko upande wa mbele, upande wa mawe, mizizi na makorongo, ambako hakuna pikipiki iliyowahi kwenda ikarudi na taa zake zote. Mkunga alikuwa akienda kwa miguu, begi mgongoni. Uchungu wa kuzaa, kwa desturi yake, haumsubiri mtembea kwa miguu.

Na mkunga huyo, kwa bahati mbaya ya Mwenyekiti, alikuwa mdogo wa mke wake.

"Shemeji," alisema akiwa mlangoni mwa chumba cha mikutano, "naomba baiskeli yangu. Juzi nimefika kwa mama mmoja, nakuta mtoto keshazaliwa, keshaoshwa, kalala. Bibi yake ananiuliza kama nimekuja kumpa jina."

"Wape hongera."

"Kitovu kakata kwa kisu cha vitunguu, shemeji."

Mwenyekiti alitafakari. "Suala la kisu liko nje ya hadidu za rejea."

"Basi niingie niwaonyeshe inavyopandwa."

"Haiwezekani. Mtumiaji wa kifaa ana maslahi binafsi katika kifaa. Ndiyo kanuni yetu ya kwanza: anayehusika hasikilizwi. Nenda kwenye benchi, tutakujadili."

Mlango ukafungwa, kikao kikafunguliwa.

Baiskeli ilikuwa imeegemezwa mezani, magazeti yametandikwa chini ya tairi ili zulia lisichafuke. Mbele yake paliwekwa chupa ya maji, kwa kuwa kila aliyehudhuria alistahili moja. Mhasibu alikalia kiti kidogo, akazungusha pedeli, akaridhika kwamba zinazunguka. Afisa Usalama aliinama kutafuta injini, akaikosa, akashauri uchunguzi uendelee. Breki zilipitishwa kwa kauli moja kwamba zipo.

Kisha Katibu akaishika usukani, na Mwenyekiti akakaa juu yake.

Baiskeli ikabonyea.

Akainuka, nayo ikainuka. Akakaa tena; ikabonyea tena, taratibu, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kukataa.

"Mmeona?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Tumeona, Mheshimiwa."

"Mali ya umma inanyong'onyea chini ya kiongozi."

"Mbona Mhasibu alipoijaribu haikubonyea sana?" Katibu aliropoka.

"Katibu, unataka kusema mimi ni mzito?"

"Hapana, Mheshimiwa! Nasema inabagua."

Hoja hiyo ikapigiwa makofi ya meza. Kwa mshangao mkubwa kamati ikabaini kwamba baiskeli ilikuwa na mahali pawili pa kulegea, na kwamba pote pawili palitengenezwa makusudi. Uamuzi ulikuwa mmoja: vipande vya chuma vifungwe kwa nati sambamba na kila shokapu, mpaka kifaa kiache kuyumbishwa na uzito wa watu. Fundi wa karakana aliitwa. Akauliza kama wana uhakika. Akaonyeshwa muhuri. Akatoa spana, akakaza.

Mwenyekiti akakaa. Baiskeli haikutikisika hata kidogo.

"Hii sasa," alisema, machozi yakimlengalenga, "ni baiskeli ya serikali."

Mkunga aliitwa ndani apongezwe. Akakibonyeza kiti kwa kiganja. Kigumu kama jiwe la kusagia.

"Shemeji, hayo ni magoti yake mmeyafunga."

"Tumeiimarisha."

"Na wewe tukikufunga magoti, utashuka ngazi?"

"Ngazi zina mahali pa kushikia."

Mkunga akanyamaza. Wanaomjua husema akifoka hana neno, ila akinyamaza tafuta pa kujificha. Halafu akatabasamu, tabasamu tamu kabisa, lile ambalo dada yake angeliona angemwita mumewe nyumbani mara moja.

"Sawa, kamati ikishaona, mimi nani? Ila nasikia kuna ile heshima yako ya kutumia kwanza."

Uso wa Mwenyekiti ukachanua. Matumizi ya Heshima! Kila kifaa kilichopitishwa, yeye ndiye aliyekitumia kabla ya mtu yeyote. Kisima kilipochimbwa, kikombe cha kwanza alikunywa yeye. Hospitali ilipoletewa magodoro, la kwanza alililalia yeye mbele ya wapiga picha, ikabidi aamshwe wakati wa chakula cha mchana. Kanuni hiyo aliitunga mwenyewe.

"Ipo, tena ni lazima!"

"Huwezi kumkaimisha mtu?"

"Haikaimishwi!"

"Basi iwe kutoka kwenye tangi hadi mlangoni kwangu, kwa upande wa mbele. Kina mama wote watakuwepo. Watapiga vigelegele."

Kwa neno vigelegele, Mwenyekiti alikubali hata kabla hajauliza upande wa mbele ukoje.

Siku ya uzinduzi gari lilimfikisha kwenye tangi akiwa na suti na tai. Fundi alikuja kama shahidi wa nati zake. Mwenyekiti alihutubia juu ya uimara, akapanda, akampa Katibu ishara. Katibu akasukuma.

Jiwe la kwanza lilimsalimu kwa adabu. La pili halikuwa na adabu. Baada ya hapo kila jiwe la kilima kile liliwasilisha taarifa yake moja kwa moja ngazi ya juu, bila kupitia kwa katibu. Tai ikahamia mgongoni. Miwani ikashuka mdomoni. Alitaka kusema "simamisha", lakini neno lilitoka vipande vipande na hapakuwa na wa kuliunganisha. Kwenye mizizi alimkumbuka marehemu mama yake. Kwenye korongo la mwisho akakumbuka kwamba breki zipo, akaziminya, na zikafanya kazi yao vizuri mno: ilipofika mlangoni mwa zahanati, baiskeli ilisimama wima kabisa. Hakuanguka. Afadhali angeanguka. Alikuwa bado amekaa.

Kina mama wakapiga vigelegele, kama ilivyoahidiwa.

"Karibu, shemeji, kiti hiki hapa."

"Nitasimama."

"Umeumia wapi?"

Alitazama huku na huko. "Pale... ninapokalia."

"Haya, nimekuelewa." Mkunga akachungulia nje. "Jamani, kina mama! Naomba akidi!"

Wakaingia, matumbo mbele, na nyuma yao yule bibi aliyekata kitovu kwa kisu cha vitunguu.

"Shemeji, unafanya nini? Makalio ni yangu!"

"Ndiyo maana. Una maslahi binafsi. Anayehusika hasikilizwi. Nenda kwenye benchi, tutakujadili."

Mlango ukafungwa. Mwenyekiti akasimama kando ya benchi, akiliangalia kama mtu anavyoliangalia jiko la moto. Kamati yake ilikuwa imewasili ikihema, imeshuka kwa miguu. Kutoka ndani vilisikika vicheko, kisha sauti ya bibi, nzito na ya kitaalamu:

"Mimi nimeyaona alivyokuwa anaingia. Yanabonyea. Tuyafungie chuma."

"Naunga mkono hoja!"

"Katibu!" Mwenyekiti alipaza sauti. "Fundi! Vyuma vitolewe! Mkunga apewe baiskeli kama ilivyoletwa, sasa hivi!"

"Uamuzi wa kikao kipi, Mheshimiwa? Hapa hatujakaa."

"Hiki hiki! Anayepinga?"

Hakuna aliyepinga. Kilikuwa kikao kifupi kuliko vyote katika historia ya kamati. Spana ikalia, vyuma vikadondoka, na mkunga akatoka, akakibonyeza kiti. Kikashuka, kikapanda, kama kifua cha mtu aliyefunguliwa kamba. Papo hapo msichana mmoja akaja mbio kutoka kilimani: dada yake ameanza uchungu. Mkunga akavaa begi, akapanda, akakanyaga pedeli.

"Na mimi je, shemeji?"

"Wewe ni mengineyo!"

Tairi zikayapanda mawe moja baada ya jingine, kiti kikicheza, mkunga ametulia juu yake kama aliyeketi sebuleni. Nyuma ya Mwenyekiti mlango wa zahanati ukafunguka taratibu.

"Ingia, Mheshimiwa," alisema bibi, akikunja mikono ya gauni lake. "Akidi imetimia. Mimi ndiye kaimu."

Mwenyekiti alimwangalia kwanza mikononi, kama ana kisu.