Siti ya Mbele kwenye Gari la Bibi Harusi

Jumatatu, 3 Juni 2024

Kikao cha harusi ya Bupe. Marehemu kaka yangu aliniachia binti huyu, kwa hiyo siti ya mbele kwenye gari la bibi harusi, siti ya baba, ni yangu. Nani mwingine? Nikakaa kusubiri makofi. Bupe akainama, akasema kwa adabu zote: baba mdogo, samahani, wewe gari linakutapisha, na shela yangu ni nyeupe.

Ukoo mzima kicheko! Shemeji Ambindwile, mume wa dada yangu, akajitolea kukaa yeye. Mwema sana. Pikipiki moja tu na anajiona kampuni ya mabasi.

Nikawakumbusha kwamba nimepanda magari ambayo wao hawajayaona hata kwenye kalenda. Nilikwenda Zambia na lori, dereva akashikwa na homa, usukani nikauongoza kwa goti, huku namkanda kichwa. Hakuna aliyeuliza swali. Heshima hiyo.

Bupe akatoa sharti. Ijumaa anakodi gari kwenda Igogwe kumchukua bibi yake, yaani mama yangu. Nikienda na kurudi bila kutapika, siti ni yangu.

Jumanne, 4 Juni

Kukaa mjini ndiko kulikoniponza. Soko mlangoni, kinyozi mlangoni, kanisa pale. Yote kwa miguu. Gari dogo nilipanda mara ya mwisho kwenye msiba, mwaka juzi, nikashushwa mapema kwa manufaa ya wote. Si tumbo bovu! Ni tumbo lisilo na mazoezi.

Mazoezi nimeyapata. Zuber, mfanyabiashara wa hapa Bulyaga, amebandika karatasi kwenye kioo cha gari lake: LINAUZWA. Nikavaa koti la suti. Nikamwambia nina ekari kumi na mbili za parachichi kule Kawetele (ninayo miti miwili, mmoja una mgogoro na jirani) na ninataka kulijaribu gari kabla ya kununua.

Kona ya tatu tumbo likaanza hotuba. Nikamwomba asimame nikague matairi. Nikayakagua ya upande wa migomba, nimeinama, muda mrefu. Zuber akanisifu kwamba wanunuzi makini kama mimi wamebaki wachache.

Alhamisi, 6 Juni

Jana nimejaribu gari mara mbili, leo mara moja. Maendeleo makubwa! Ila Zuber kabadilika. Kaniambia, mzee wangu, gari hili lina matairi manne, wewe umeshakagua kumi na moja. Nikamjibu kwamba hata hivyo rangi yake haijanikaa moyoni. Alichosema baada ya hapo siandiki. Shajara hii inaweza kusomwa na wajukuu.

Ijumaa, 7 Juni

Sijala tangu jana mchana. Kisichokuwepo hakiwezi kutoka. Hiyo ni sayansi, nimeigundua mwenyewe.

Ambindwile kaja kama shahidi. Kakaa nyuma ya sikio langu, anamenya mayai ya kuchemsha. Matatu! Na kila moja ananikaribisha: karibu shemeji, bado la moto. Nikakaza macho barabarani kama mimi ndiye niliyeijenga.

Kwenda, safi. Kurudi, safi!

Bupe akanishika mikono yote miwili. Ndaga fijo, tata, asante sana baba. Akasema kesho itakuwa kama vile baba yake yupo. Moshi wa jikoni ukaniingia machoni. Jiko liko mbali kidogo.

Jumapili, 9 Juni

Jana! Siti ya mbele! Mkanda kifuani kama jenerali.

Tatizo moja. Kutoka nyumbani hadi kanisani ni dakika tatu. Wiki nzima ya mateso kwa dakika tatu, tena kwenye ukungu! Nikamweleza dereva, Godwin, kwamba ukoo wetu una mila ya kumzungusha bibi harusi mjini kwanza. (Mila ilianza hapo hapo.) Tukapita stendi, tukapita sokoni. Tukarudia, maana vioo vilikuwa na mvuke, watu waliona kofia yangu tu. Nikashusha kioo, nikapunga mkono. Msafara mzima unatufuata, Ambindwile na pikipiki yake mkiani, anakula moshi.

Bupe akasema, baba mdogo, inatosha. Nikamwambia bado upande wa benki hawajatuona. Akasema tena, kwa sauti ndogo. Mzunguko wa nne, kona ya soko, nyuma kukawa kimya. Halafu hakukuwa kimya. Shela yote!

Ameolewa amevaa kitenge cha shangazi yake. Alipendeza, kwa anayeniuliza. Hakuna aliyeniuliza.

Leo ukoo umekaa kikao bila mimi. Uamuzi: harusi zijazo nitakwenda kwa miguu, na nianze safari mapema. Wivu mtupu. Iandikwe wazi: mimi sikutapika!

Nimemtumia Bupe ujumbe wa pole, nikamweleza na kosa lake: alikunywa chai asubuhi. Harusi nyingine aniulize kwanza.