Jinsi Verlyn Rasmusson Alivyovuka Ukumbi wa Shule ya Nyborg

Sogeeni, enyi mlioketi, na ninyi mliosimama msichoke, maana habari hii ni ya kusimama. Na kwanza tumshukuru Mola aliyempa mwanadamu miguu miwili, mmoja wa kwendea na mmoja wa kusitia, kisha akamwachia mwenyewe achague atangulize upi. Ndipo nisimulie vita vya Nyborg, mji wa watu mia tisa uliozungukwa na mashamba ya mahindi ya Iowa, na shujaa wake Verlyn mwana wa Alvina, ambaye hakuua simba wala hakuteka ngome, bali alitembea hatua ishirini na sita juu ya sakafu ya mbao, akiwa na soksi mbili mbili na goti bovu.

Huyo Verlyn mabega-ya-ghala, aliyepakia na kupakua mahindi ya wilaya nzima kwa miaka arobaini na moja, alijaliwa kila nguvu isipokuwa moja: hakuweza kumpinga mtu usoni. Alikaa kwenye baraza la wazee wa kanisa miaka ishirini na miwili, na katika kumbukumbu zote za baraza hilo neno lake ni lile lile, "Nakubaliana na wenzangu." Siku daktari wa meno alipomng'oa jino lisilouma, Verlyn alimshukuru, akamuulizia watoto wake, akarudi nyumbani na lile linalouma.

Na mtu wa namna hiyo Mungu, kwa hekima yake, alimweka Iowa. Angemweka ng'ambo ya mto, katika jimbo jirani, maisha yake yangekuwa mepesi. Kule anayetaka kumchagua mgombea urais wa chama chake huenda saa yoyote tangu alfajiri, huvuta pazia, huweka alama kwenye karatasi, na hutoka kabla injini ya gari lake haijapoa, siri yake ikibaki baina yake na Muumba. Nyborg si hivyo. Nyborg watu hukutana usiku mmoja wa baridi kali, saa moja kamili, na kila mmoja husimama kwenye kona ya mgombea wake, mbele ya shemeji yake, mchungaji wake na mtu anayemwazima trekta, apate kuhesabiwa kama ng'ombe wa mnadani. Aliyepo ana kura. Asiyekuwepo, hata kama yuko kazini, hata kama anauguza, hata kama barafu imemfungia mlango, huyo hana.

Miongoni mwa wasiokuwepo walikuwa wanawake wawili ambao Verlyn aliwapenda kuliko nafsi yake. Mmoja ni binti yake Renae, muuguzi msaidizi katika nyumba ya wazee, ambaye zamu yake huanza saa nane mchana na kwisha saa nne usiku. Wa pili ni mama yake, Bibi Alvina, mwenye miaka tisini na mitatu, mkazi wa nyumba hiyo hiyo, ambaye alisimama katika kila mkutano wa namna hii tangu ujana wake, na sasa hawezi kusimama kabisa.

Mwaka ule wagombea walikuwa watatu, Gavana, Seneta na Jaji, na asubuhi ya siku ya mkutano Renae alimpigia baba yake simu. Alikwisha kumwomba mwenyekiti wa kata, Bi Twyla Kopecky, apokee kura yake na ya bibi yake ndani ya bahasha, akajibiwa kwa upole mwingi kwamba sheria inahesabu miguu, haihesabu bahasha.

"Baba, wewe uko upande gani?"

"Mimi niko na mama yako. Tuko kwa Gavana."

"Mama yuko kwa Gavana. Mimi nimekuuliza wewe."

Verlyn alitazama nje ya dirisha la jikoni, kana kwamba jibu limeandikwa kwenye theluji.

"Jana nilikuwa na wazee kumi na tisa peke yangu," Renae akasema. "Kumi na tisa, baba, na Bibi akiwemo. Kati ya wagombea wote, Jaji ndiye pekee aliyetutaja sisi wa nyumba za wazee. Sikuombi unipigie kura yangu, maana hiyo haiwezekani. Nakuomba upige ya kwako."

"Tutaona," alisema Verlyn. Na katika Nyborg neno hilo laweza kuwa ndiyo, laweza kuwa hapana, na mara nyingi maana yake ni kwamba kahawa inapoa.

Ilipotimu saa moja usiku majeshi yalikusanyika katika ukumbi wa michezo wa shule. Chini ya kikapu cha mpira, upande wa magharibi, lilisimama jeshi la Gavana, watu thelathini na mmoja, na mbele yao Gaylen Dreesman sauti-ya-trekta, kaka wa mke wa Verlyn. Katikati ya jeshi hilo alisimama Verlyn, na kando yake mke mwenyewe, Ardis malkia-wa-trei, ambaye tangu Novemba alikuwa amegonga milango ya kata nzima kwa ajili ya Gavana, na usiku huo amekuja na trei ya vipande vya siagi ya karanga vilivyofunikwa chokoleti, silaha ambayo haijapata kushindwa katika wilaya ile. Kando ya mabenchi walikuwa watu wa Seneta, ishirini na mmoja. Na huko mbali, chini ya kikapu cha mashariki, walisimama watu wa Jaji. Walikuwa wanane. Walijikunyata kama kondoo walionyolewa kabla ya majira yao.

Bi Twyla, ambaye aliitunza maktaba ya shule miaka thelathini na hakuna aliyewahi kunong'ona mbele yake, alihesabu mara mbili. Kisha akapanda juu ya kiti.

"Tuko sitini," alisema. "Kundi lisilofika tisa halipati mjumbe wa mkutano wa wilaya, na watu wake watatafuta kona nyingine au watakwenda nyumbani. Natoa dakika kumi na tano. Shawishianeni, hameni mkitaka. Kengele ikilia, mguu uliopo ndio kura."

Akabonyeza kitufe, na saa kubwa ya ukutani, ile inayohesabu muda wa mpira wa kikapu, ikaanza kurudi nyuma kwa tarakimu nyekundu.

Verlyn aliwahesabu wale wanane. Akawahesabu tena, akitumaini kwamba Bi Twyla amekosea. Akaona pale nafasi ya mtu mmoja, na nafasi ile ilikuwa na upana wa mabega ya mtu wa ghala. Basi akainamisha kichwa kana kwamba anatazama kamba za viatu, akaomba kimoyomoyo: "Bwana, sikuombi nguvu za kushinda majeshi. Nipe za kufika kule tu." Akakata shauri. Saa ilisoma dakika kumi na tatu, na safari ni hatua ishirini na sita. Mtu yeyote wa jimbo jirani angekwisha kufika.

Lakini Verlyn ni mtu wa Nyborg, na mtu wa Nyborg haondoki mahali bila kuaga. Huko, mgeni aliyekuja kwa nusu saa huaga kwa saa nzima: huaga mezani, huaga mlangoni, huaga barazani, kisha huteremsha kioo cha gari akaaga tena. Shujaa wetu aliona ni aibu kuwaacha watu ishirini na tisa na mke wake juu bila kumpa kila mmoja mkono. Akamgeukia wa kwanza.

Wa kwanza alimuuliza habari za goti, na goti lina historia ndefu. Wa pili alimuulizia mama yake. Wa tatu alitaka kujua kama theluji hii itatosha kulainisha udongo hadi Aprili, na swali kama hilo hajibiwi mtu kwa neno moja. Alipomaliza watu sita, saa ilisoma dakika nane. Alipomaliza kumi na wawili, ilisoma nne. Wa kumi na tatu alikuwa Gaylen, na Gaylen aliushika mkono wake asiuachie.

"Shemeji, unaenda wapi?"

"Kule kidogo."

"Kule kuna vitu viwili, choo na Jaji. Unaenda kwa yupi?"

Jeshi zima likacheka, na Verlyn naye akacheka, kwa kuwa ni adabu. Ndipo Gaylen akavuta pumzi ya hotuba.

"Sikiliza, Verlyn. Miaka thelathini na minane umemwoa dada yangu, hujasimama upande usio wetu hata kwenye picha. Sasa sikukatazi. Huu ndio uzuri wa Iowa. Wale wa ng'ambo wanapiga kura kama mtu anayedokoa nyama chunguni, anaingia, anatoka, hakuna aliyemwona. Karatasi haina uso. Sisi tunatazamana. Anayenipinga namjua, na gari lake likiingia mtaroni kesho, nitalivuta mimi. Kwa hiyo ukihama, hama unanitazama."

Verlyn alikuwa anamtazama. Hapo ndipo palipokuwa na ugumu wote.

"Gaylen," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa yake, "kama ni kutazamana, Renae simwoni hapa. Yuko kazini. Mama yangu simwoni. Kata ina wapiga kura mia sita na tuko sitini. Hao wengine hawana nyuso?"

Hiyo ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa Verlyn mwana wa Alvina tangu alipopewa ulimi. Gaylen, kama afanyavyo kila mtu wa Nyborg mazungumzo yakimwia mazito, akachukua kipande kwenye trei.

"Kula kwanza," alisema.

Na shujaa akala, kwa sababu kukataa ni utovu wa adabu. Siagi ya karanga ikamshika ulimi, mkono mmoja umeshika kipande, mkono wa pili umo kiganjani mwa Gaylen, na mbele yake bado wako watu kumi na sita hawajaagwa. Saa ilisoma dakika moja.

 Ardis alimtazama mumewe. Akatazama saa. Akatazama kona ya mashariki na wale wanane waliokwisha kuanza kufunga vifungo vya makoti. Nanyi mjue kwamba juu ya sheria ya kuaga, Nyborg iko sheria moja kubwa kuliko hiyo: mtu akipiga mapaja yake kwa viganja vyote viwili na kusema "Haya basi," mazungumzo yamekwisha, wala hakuna mwenye ruhusa ya kumzuia anayeondoka. Mwenye haki ya kufanya hivyo ni anayeondoka mwenyewe, au mke wake.

Ardis aliweka trei chini. Akapiga mapaja yake kwa kishindo kilichosikika hadi mabenchi ya Seneta.

"Haya basi," alisema. "Verlyn, tunawachelewesha watu."

Jeshi likapasuka katikati. Gaylen aliuachia mkono kama ameshika chungu cha moto, akamgeukia dada yake.

"Ardis, wewe uko upande gani?"

"Wa Gavana. Toka njiani."

Hapo Verlyn akang'oka. Hatua ya tano goti lilinung'unika, hatua ya tisa likalia. Alimkanyaga tai, nembo ya shule, aliyechorwa katikati ya uwanja, akamwomba radhi. Mbele ya mabenchi mtu wa Seneta alimpungia akimwita aje kwao, naye akasimama kumjibu, "Leo hapana, asante sana," na adabu hiyo ikala sekunde tatu. Wale wanane waliacha vifungo vyao wakamtazama anavyokuja, mkubwa, mwekundu, anatafuna, na hakuna mfalme aliyewahi kulakiwa kwa macho kama yale. Hatua ya ishirini na tano aliukanyaga mstari wa kona yao. Mguu wa kulia ukaingia. Wa kushoto, wenye goti, ukabaki hewani.

Kengele ikalia.

 Bi Twyla alishuka kwenye kiti, akavuka uwanja, akainama, akautazama mguu wa kulia kama mtu anayetazama kitabu kilichorudishwa kwa kuchelewa. Kisha akainua kichwa.

"Nilisema mguu uliopo ndio kura," alisema. "Sikusema miguu. Lakini kama yuko anayepinga, apinge sasa."

Watu wote walimtazama Gaylen, maana kama yuko wa kupinga, ni yeye. Gaylen alitazama sakafu, akamtazama dada yake, akamtazama shemeji yake aliyesimama kwa mguu mmoja kama korongo.

"Mhesabuni," alisema. "Mimi ndiye niliyemshika mkono. Bila mimi angekwisha kufika."

"Tisa," alisema Bi Twyla, akaandika.

Ndipo Verlyn akaushusha mguu wa pili. Na andikeni, enyi wenye kalamu, kwamba katika mwaka huo wa theluji nyingi, kona ya mashariki ya ukumbi wa Nyborg ilipata mjumbe mmoja wa kwenda mkutano wa wilaya, kwa mguu wa kulia wa mtu mmoja.

Ilibaki kumchagua mjumbe mwenyewe. Wale tisa walitazama viatu vyao, kila mmoja akamtaja mwingine kuwa anafaa zaidi, na baada ya muda mrefu Verlyn, akitaka kusaidia, alisema anakubaliana na wenzake. Wenzake wakasema wamekubaliana ni yeye. Basi alirudi nyumbani akiwa mjumbe wa Jaji, kando ya Ardis aliyechaguliwa mjumbe wa Gavana, na ndani ya gari wakapanga kwamba mwezi Machi wataenda wilayani na gari moja ili wasichome mafuta mara mbili.

Renae alipiga simu kwenye mapumziko yake.

"Baba?"

"Tisa," alisema Verlyn.

"Wewe ulikuwa wa ngapi?"

"Wa tisa."

Baba yake akamsikia anavuta kamasi. Nyuma yake ilisikika sauti ya Bibi Alvina ikiuliza jambo, na Renae akalirudia.

"Bibi anauliza kama uliwaaga watu kabla ya kuondoka."

"Mwambie niliaga kumi na watatu tu," alisema Verlyn.

Na Jumapili, baada ya ibada, alisimama mlangoni pa kanisa akawaaga wale kumi na sita waliobaki, mmoja mmoja, goti na theluji na mama yake, hadi chakula cha mchana kikapoa katika nyumba kumi na sita. Hivyo ndivyo vilivyokwisha vita vya Nyborg, na mshindi wake hakubakiwa na deni la kwaheri kwa mtu yeyote.