Marahaba Niliyoitoa Mtinko

Ndugu zangu, leo nimeaibika. Nimeaibika ugenini, sebuleni kwa watu, nikiwa nimevaa koti.

Nitaeleza kwa utaratibu, jambo la kwanza kwanza, kwa sababu dada yangu ameshaanza kulisimulia na anaongeza chumvi. Halihitaji chumvi.

Mtoto wa kaka yangu, Elia, anataka kumwoa Rehema, binti wa Mzee Gunda wa Mtinko. Kaka akaniteua mimi niwe mshenga. Sababu aliyoitoa ni kwamba mimi ni mtu asiyekosea. (Alisema hivyo mbele ya mashahidi. Leo mashahidi wote wamekana.) Na jambo lenyewe halikuwa la mchezo, maana kuna familia ya Ihanja nayo imeshapeleka maulizo, na kijana wao ana lori. Elia ana cherehani mbili na nia njema. Hapo kilichobaki ni maneno, na maneno ndiyo kazi ya mshenga.

Kwa mgeni humu kwenye kundi: mimi nina stesheneri hapa Misigiri. Natoa kopi, nachapa barua, natengeneza kompyuta. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe, zamani, katika ofisi moja ya Singida mjini nilikokuwa karani wa muda, enzi zile mtandao ulipokuwa unapita kwenye waya wa simu ya mezani. Ile modemu ya ofisi, kisanduku kilichokuwa kinapiga kelele kabla ya kuunganisha, ninayo mpaka leo. Iko kwenye rafu dukani na naifuta vumbi. Mke wangu anasema naifuta kuliko vyombo. Ni kweli.

Ndiyo maana asubuhi, tukiwa njiani kwenda Mtinko, dada yangu, ambaye ni shangazi wa Elia na ndiye niliyefuatana naye, alinipa onyo moja tu.

"Mdogo wangu, leo habari za kompyuta ziache Misigiri."

Nikamwahidi. Niliahidi kwa moyo mweupe kabisa.

Tulifika vizuri. Mzee Gunda hakuwepo, alikuwa amekwenda kukamua alizeti, tukaambiwa anarudi muda si mrefu. Sebuleni tulimkuta Bibi, mama yake mzazi, mwenye meno mawili tu, amekaa kwenye mkeka mbele ya televisheni. Tukamwamkia. Akaitikia, akauliza habari za mvua, za mifugo, za kuku, za kaka na goti lake, moja baada ya nyingine, bila haraka. Nilijibu zote bila kuruka hata moja.

Pembeni kulikuwa na jogoo mwekundu, amefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza. Dada akanitupia jicho. Jogoo aliyefungwa sebuleni siku ya posa hajaja kutazama televisheni. Mambo yalikuwa yanakwenda.

Tatizo likawa hiyo televisheni.

Bibi alikuwa anaangalia filamu ya zamani ya Wazungu, imetafsiriwa na mmoja wa hawa watafsiri wetu wanaosemea kila mtu, mpaka mbwa. Kijana mwenye koti jeusi amekaa mbele ya kompyuta ya kichogo, zile nene za zamani. Kamera ikashuka pembeni. Nikaiona. Kisanduku, taa nyekundu kwenye mstari, waya wa simu nyuma.

Modemu! Ndugu zangu, moyo ulinipiga kama nimemwona mtu niliyesoma naye.

Nikasogea mbele kidogo kwenye kiti. Nikasubiri ile sauti. Kijana akabonyeza kitufe kimoja, ikalia *pii* mara moja tu, na papo hapo maandishi yakamwagika kwenye kioo kama kumbikumbi baada ya mvua. Mtafsiri akapaza sauti, "Mwana ameshaingia! Ameingia kwenye mitambo ya jeshi!"

Bibi akageuka. "Ameingia kwa nani huyo, bila hodi?"

Ningeweza kunyamaza. Dada alinikanyaga mguu ili ninyamaze. Lakini swali lilikuwa sahihi. Katika miaka yote niliyoangalia filamu za namna hii, hakuna mtu aliyewahi kuuliza swali sahihi kama Bibi wa Mtinko.

Nikamwambia, Bibi, hapo wamedanganya. Mashine zile zilikuwa na adabu. Hakuna iliyoingia kwa nyingine bila hodi. Mashine ndogo ya kwetu ilikuwa inapiga simu kwa mashine kubwa ya mbali, inatoa shikamoo, inangoja marahaba, kisha zinaulizana habari: wewe unasema haraka kiasi gani, mimi nasikia haraka kiasi gani, mvua haijaharibu nyaya? Zikielewana ndipo zinanyamaza na kazi inaanza. Zile kelele zote zilikuwa salamu.

"Kama sisi," akasema Bibi.

"Kama sisi kabisa, Bibi."

Mguu wangu ulikanyagwa tena. Sikuusikia. Nilikuwa nimeshafika Singida mjini, kwenye ile ofisi yenye waya mmoja wa simu. Nikamweleza jinsi mtu akiinua simu chumba cha pili kuulizia bei ya vitunguu mtandao unakatika, na wote mnaanza upya bila kugombana. Nikamweleza jinsi picha ya mtu ilivyokuwa inashuka polepole, nywele kwanza, kisha paji la uso, na ikifika kidevuni chai imeshapoa na wewe umeshampenda. Siku hizi picha inafika nzima kwa mara moja na hakuna anayeitazama.

Bibi akauliza hizo salamu zenyewe zilisikikaje.

Hapo mtu mwenye busara angebaki ameketi. Mimi nilisimama, nikafunga vifungo vya koti.

Nataka mjue nilifikiri kwanza. Salamu inahitaji wawili, na nilitaka Bibi awe mashine moja. Lakini nikaona akiwa ile inayopiga itabidi aniamkie mimi, na hiyo ni dharau; na akiwa ile inayoitikia, sauti zake hazijui. Basi nikaamua kuzicheza mashine zote mbili peke yangu, ili nisimvunjie heshima mtu mzima. (Kumbukeni hilo. Mimi siku nzima nalikumbuka.)

Nikafumba macho, maana ile sauti siwezi kuitoa macho yakiwa wazi. Nikaanza. Mlio mrefu wa laini. Namba: *ti-ti-tu-ti-tu*. Inaita. Kisha ule mluzi mwembamba, *tiiiiii*, "hapo inasema shikamoo, Bibi." Kisha *krrrr-gong-gong, krrrr*. Kisha ule mvumo kama mvua juu ya bati, *shhhhhhhh*. Jogoo akaanza kupigapiga mabawa. Nikadhani amevutiwa.

Kumbe wakati huo Mzee Gunda alikuwa ameshafika uani na dumu lake la mafuta. Alisikia kitu ndani ya nyumba yake kinalia kama mashine ya kukamulia iliyokosa grisi, akaja kuangalia. Dada alimwona. Bibi alimwona. Jogoo alimwona. Mzee akasimama mbele yangu, akanyoosha mkono kiungwana, akasema, "Karibuni sana, wageni wetu."

Na mimi nilikuwa nimefika zamu ya mashine kubwa. Macho yamefumbwa, kidevu juu, nikajibu kwa sauti nzito:

"Marahaba, mwanangu! Hujambo?"

Hata mtafsiri wa filamu alinyamaza.

Nikafumbua macho. Mbele yangu mkono, nyuma ya mkono Mzee Gunda, mzee wa miaka sabini na ushee, mvi kichwa kizima.

"Sijambo, baba," akasema.

Kisha akaweka dumu chini, akamwita mkewe jikoni kwa upole, "Mama Rehema, hebu njoo umfungue kwanza huyu jogoo."

Nikajitetea. Heri nisingejitetea. Nilisema aliyeitikia si mimi, ni mashine. Akauliza mashine ipi. Nikasema ile kubwa tuliyokuwa tunaipigia kutoka Singida mjini. Akauliza iko wapi. Nikasema haipo tena, iliondolewa zamani. Akamtazama dada yangu kwa huruma, kama mtu aliyepewa mgonjwa wa kusafiri naye. Dada alikuwa anasoma mkeka.

Jogoo akapita katikati yetu, akatoka nje. Akilini nikaliona lori la Ihanja linaingia uani.

Aliyesema neno alikuwa Bibi. Alikuwa amejifunika uso kwa kanga, mabega yanacheza, na nilidhani analia.

"Laini imekatika," akasema. "Si umesema ikikatika unaanza upya? Toka nje, mwanangu. Anza upya."

Nikatoka. Mtu mzima, koti, jua la saa sita. Wanawake wote wa jikoni wamesimama mlangoni na miko yao. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena. Bibi akajibu kutoka ndani, "*Ti-ti-tu-ti*. Bado inaita." Mmoja wa wale wa mlangoni akaangusha mwiko.

Ya tatu nikakaribishwa. Nikainama mbele ya Mzee Gunda kuliko nilivyowahi kumwinamia mtu. "Shikamoo, mzee." Akanitazama. Akatazama dari. Jasho lilianzia shingoni likashuka mpaka kiunoni ndipo akasema, "Marahaba."

Nilifikisha ujumbe wa Elia neno kwa neno, kama nilivyoufanyia mazoezi mbele ya mashine ya kopi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa jibu lake.

"Neno lenu tumelisikia. Majibu yatakuja kwa mwendo wa hiyo mashine yako. Nywele kwanza."

(Kumbe alikuwa uani muda mrefu, ananisikiliza.)

Tulikula ugali na mlenda. Mlenda ulikuwa mzuri, sina lawama. Lakini jogoo alipita mlangoni mara mbili tukiwa tunakula, na mara zote mbili alinitazama mimi.

Njia nzima dada alikuwa anaandika kwenye simu. Tulipofika Misigiri Elia alikuwa amesimama mbele ya duka langu, tepu ya kupimia bado iko shingoni. Hakuuliza imekuwaje. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Shikamoo, baba mdogo," na kwa mara ya kwanza maishani nikaogopa kuitikia.

Jua likiwa linazama simu yangu ikaita. Namba ya Mzee Gunda. Elia akasogea karibu. Nikapokea, nikaweka sauti ya wote.

Hakukuwa na neno. Kulikuwa na mluzi mwembamba, wa mdomo wenye meno mawili. *Tiiiiii*. Halafu *krrr, krrr*. Halafu *shhhhh* ndefu, ikaishia kwenye kikohozi. Halafu kimya. Alikuwa ananingoja.

Ndugu zangu, mimi nazijua kanuni za mashine zile. Anayepiga ndiye anayetoa shikamoo, na anayepigiwa ndiye anayeitikia. Bibi ndiye aliyepiga. Kwa kanuni, zamu ilikuwa ya marahaba, na ilikuwa yangu. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Nikalimeza.

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

Nyuma yake nikamsikia Mzee Gunda anacheka, cheko la mtu aliyelizuia tangu mchana. Bibi akaitikia taratibu, akaionja marahaba yake mpaka ikaisha. Kisha akasema:

"Mwambie kijana wako aje Jumapili. Jogoo tumemfunga tena."

Elia sasa anacheka na kulia kwa pamoja, ameruhusiwa. Ninyi wengine naomba mngoje kucheka mpaka huyo jogoo aliwe.