Galaksi ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Bahati ilipogawiwa, mimi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Watu mia mbili waliomba kazi hii, nikachaguliwa mimi. Chumba kizima cha vioo ni changu. Zamani anga ilipigwa picha kwenye vioo. Viko elfu tisa makabatini. Navifuta vumbi, naviweka kwenye skana, kisha akili mnemba inavipekua kutafuta galaksi, yaani miji ya nyota iliyojisokota kama konokono. Ikishuku kitu, inakizungushia duara jekundu na kuniuliza. Nabonyeza NDIYO au SIYO, nayo inajifunza kwangu. Mimi, niliyerudia darasa la saba mara mbili, leo ni mwalimu.

Binti Kompyuta, msichana aliyeitengeneza mashine hiyo, kanipa glavu. Nimemwambia mikono hii imeshika mambo makubwa kuliko vioo. Hakuuliza mambo gani. Afadhali.

Jumanne, 4 Machi
Asubuhi nilijipaka mafuta mpaka viwiko. Mwalimu hawezi kwenda kazini na mikono iliyopauka. Saa nne: galaksi! Haimo kwenye orodha yoyote. Imejisokota vizuri, na mstari mweusi umeikata katikati. Profesa, mkuu wa kituo chetu cha nyota, kaivulia miwani. Kasema mstari ule ni ukanda wa vumbi, jambo adimu. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeshuku hivyo tangu mwanzo.

Nikampigia mke wangu. Yuko kwa mama yake wiki ya tatu sasa, tangu mradi wangu wa kufuga kware bafuni. Mama Mkwe ameapa binti yake harudi mpaka nionyeshe kitu kimoja cha kweli nilichokifanya kwa mikono yangu. Basi nimeahidi galaksi itaitwa jina la Mama Mkwe. Watakuja Jumamosi kuiona. Mama Mkwe kanyakua simu, kauliza kama na hiyo inanuka.

Mama huyo kafanya kazi ofisi ya vitambulisho miaka thelathini. Humtazama kila mtu kama mtu ambaye picha yake haikutoka vizuri. Mimi hunitazama kama mtu ambaye hakupaswa kupigwa picha kabisa.

Jumatano, 5 Machi
Galaksi nyingine tatu. Zote zina ukanda wa vumbi. Nimebonyeza NDIYO mpaka kitufe kimelegea. Binti Kompyuta anauliza mbona kioo cha anga ya kaskazini na cha kusini vina galaksi pacha. Nimemjibu hata katika ukoo wetu watu wanafanana. Kauliza glavu ziko wapi. Nilimpa mzee wa getini, asubuhi vidole vyake hufa ganzi. Sikumwambia. Wivu tu unamsumbua.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Galaksi thelathini na moja. Halafu mashine imeanza kuzikataa galaksi halisi, zile zinazojulikana tangu enzi za babu yake Profesa. Isiyo na ukanda wa vumbi, inasema siyo galaksi. Binti Kompyuta kakaa mbele ya skrini, macho yamemjaa maji. Kazi yake ya miaka miwili. Nikamletea chai. Nilitaka kusema kitu, lakini kesho ni Jumamosi.

Jumamosi, 8 Machi
Mama Mkwe kaja na gauni alilovaa harusini kwetu. Mke wangu nyuma yake, begi mkononi. Begi! Profesa kawasha projekta, galaksi ikajaa ukuta mzima. Kaeleza ukanda wa vumbi. Mama Mkwe kavaa miwani, kasogea, kainamisha kichwa.

"Profesa, hiki ni kidole gumba," kasema. "Cha kulia. Nimechukua alama za vidole miaka thelathini. Na huo si ukanda, ni kovu." Kisha, bila kugeuka: "Mkwe, lete mkono."

Nikaleta. Kovu lenyewe nililipata kwenye waya wa banda la kware.

Profesa kavaa miwani yake polepole. Binti Kompyuta kacheka mpaka kakaa sakafuni. Mwanzo ilikuwa hasira, baadaye kicheko cha kweli. Majibu yangu yote yatafutwa, mashine ifundishwe upya, na wa kubonyeza ni yeye. Mimi nitavisafisha upya vioo vyote nilivyogusa, kwa glavu mpya. Mke wangu alikuwa ameshikilia ukuta, hajiwezi kwa kicheko. Mama Mkwe kasema sharti nimelitimiza: kitu cha kweli, cha mikono yangu, na hakuna wa kubisha.

Begi limerudi nyumbani.

Jumapili, 9 Machi
Nimewaza. Mashine ile inalitambua dole gumba langu popote angani. Vipi nikiifundisha vidole vya watu wote, kisha tuipeleke ofisi ya zamani ya Mama Mkwe? Nimemweleza mke wangu. Yeye kauliza glavu mpya ziko wapi. Mzee wa getini ana mke, na yeye vidole vinamfa ganzi.

Mke wangu kalisoma daftari hili, kasimama kwenye ukurasa wa Jumatatu, kanikabidhi kalamu nirekebishe. Haya. Wale watu mia mbili hawakuwepo. Niliomba peke yangu.