Ulinzi Kamili wa Spika za Jafeti

Jumatatu, 6 Julai 2026

Baridi ya Malangali, hapa Sumbawanga, imeniingia mpaka kwenye meno, na spika imechanika. Jana kule Chala, kwenye sherehe ya kipaimara, mtu mzima na suti yake ameingiza kiatu ndani ya spika yangu akicheza. Akautoa mguu, akaendelea kucheza! Spika ikabaki inakoroma. Watu wakaniangalia mimi, sio yeye.

Kaka Ebenezer alisubiri nile kwanza ndipo aseme. Nimebakiwa na kazi moja, harusi ya Salome, binti wa Mama Cornelia, Jumamosi. Spika zikifa na huko, amesema, basi, ufundi umekwisha, nahamia dukani kwake kuuza mbolea. Nimemjibu sawa kaka. Moyoni nimemwambia mengine. Boksi za spika zile nimezichonga mwenyewe, ubao kwa ubao. Tangu tuhamie hapa kutoka Mbeya ndiyo kitu pekee ninachoweza kusema ni changu. Kila kingine ni cha Ebenezer, hadi blanketi.

Jumanne, 7 Julai

Spika nimeiziba kwa gundi na karatasi. Halafu nimepata akili! Nimechukua balbu ya taa ya pikipiki, nimeiunga kwenye waya wa twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Muziki ukizidi, balbu inawaka, inameza ule umeme ambao ungeiunguza twita. Imekubali! Nimekaa naiangalia kama mtu aliyepata mtoto.

Bufa, lile spika kubwa la mdundo, nimeliwekea fyuzi. Ikakatika. Nikaweka nyingine, nayo ikakatika. Fyuzi za siku hizi zina woga. Nimefunga kipande cha waya mnene mahali pake. Huo haukatiki.

Jumatano, 8 Julai

Nimefunga waya wa kuku mbele ya boksi zote. Nikazipiga teke mwenyewe kwa majaribio. Kidole gumba kimevimba. Spika nzima!

Calvin amepita. Huyu tulianza naye kazi, mimi ndiye niliyemfundisha kulehemu. Leo ana spika za kiwandani na ananiita mshikaji. Ameinama, ametazama, amesema waya uko poa, ila nyuma yake niweke kitambaa chepesi, sauti itapita, takataka hazitapita. Mungu ni shahidi, kitambaa nilikuwa nimeshakikata! Shuka kuukuu, safi kabisa. Alipoondoka nimekitupa. Siendi harusini na wazo la Calvin usoni mwa spika zangu.

Ijumaa, 10 Julai

Nimekwenda kwa Mama Cornelia kuangalia uwanja. Nimemwamkia shikamoo, amenikaribisha vizuri, amenipa chai. Kisha akanieleza kwamba kwenye ukoo wao bibi harusi akiingia uwanjani mashangazi hummwagia ulezi mpya, wa mavuno ya mwaka huu, kwa nyungo, ili nyumba yake isikose chakula. Ameniomba mashine zangu nizisogeze mbali kidogo. Nimemwambia mama ondoa shaka, zina ulinzi.

Mbali! Mpiga video atasimama palepale alipo bibi harusi. Nimeandika JAFETI SAUNDI kwenye boksi kwa rangi nyekundu ili iweje, isomwe na mbuzi?

Na viatu nimevipatia dawa. Boksi nitazilaza chali, zitazame mbinguni. Nani atapiga teke kitu kilicholala? Sumbawanga nzima hakuna aliyewahi kuwaza hilo.

Jumapili, 12 Julai

Kanisani sijaenda. Nitaanzia wapi?

Jana ilianza vizuri. Muziki ulitoka safi, hata mzee mmoja akaniinulia kidole gumba. Mashangazi wakaingia kwa vigelegele, nyungo mikononi, wakammwagia Salome ulezi. Salome alikuwa katikati ya boksi zangu, mahali nilipomwomba mwenyewe asimame. Ulezi ukateleza kwenye shela, ukapita kwenye waya wa kuku kana kwamba hakuna waya, ukatua ndani ya spika. Zimelala chali, midomo wazi! Hata ningetega makusudi nisingepata vile.

Kwanza ulezi ukacheza. Unaruka, unashuka, kwa mdundo uleule. Watu wakaacha kumwangalia bibi harusi, wakaja kuangalia ulezi. Sauti ikawa shaa, shaa. Mtu mwenye akili angezima. Mimi nikaongeza sauti, ili uruke wote utoke nje. Ukaruka, ukarudi ndani. Nikaongeza tena. Balbu zikawaka vizuri sana, hilo lazima niliandike. Lakini bufa lenye waya mnene likaanza kutoa moshi. Shangazi mmoja akanusa, akauliza ni nani anayekaanga ulezi saa hizi. Uwanja mzima ukacheka.

Halafu kimya. Salome alikuwa ameinua mguu aanze kucheza. Akaushusha. Akaniangalia, machozi yakamlengalenga. Imeniuma kuliko spika zote.

Calvin alikuwa amealikwa tu kama mgeni. Akatoka, akarudi na spika zake kwenye kirikuu, kigari chake cha mizigo, akaunga waya, harusi ikaendelea. Hakucheka. Afadhali angecheka! Aliponipita akasema kwa upole kwamba kitambaa kingesaidia. Mama Cornelia akaniletea sahani ya pilau, akaniambia pole mwanangu. Nimeila yote.

Jumatatu, 13 Julai

Aproni ya kijani. Nanuka mbolea.

Calvin amekuja dukani. Hakununua kitu. Amesema turudi kufanya kazi pamoja, yeye atabeba muziki, mimi nitengeneze spika, kwa sababu mkono wangu wa kulehemu hajauona kwa mtu mwingine. Nimemwambia nitafikiria. Nimefikiria mpaka alipofika mlangoni. Hapana.

Jumatano, 15 Julai

Ameingia mzee Polikarp, mvuvi wa Wampembe, kule ziwani, anatafuta mbegu za mboga. Anamwoza binti yake Jumamosi na bado hajapata mtu wa muziki. Habari za ulezi hazijateremka mpaka ziwani! Nimemnong'oneza kwamba fundi wa muziki ni mimi. Amefurahi, amenishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Kaka alisikia. Amesema, taratibu kabisa, kwamba nikipanda gari la Wampembe na yale maboksi nisirudi kwake, si dukani si nyumbani. Ebenezer hatishi mtu, anasema anachokwenda kufanya. Nina kaka mmoja tu mji huu.

Lakini kosa nimeshaliona. Ni matundu! Waya wa kuku una matundu, na kitambaa cha Calvin nacho ukikichunguza kina matundu. Nimepata bati zima. Nimelikata, nimeligongomea mbele ya kila boksi, misumari pande zote. Hakiingii kiatu, hauingii ulezi, haiingii dagaa. Bufa lililoungua nimeliacha humohumo ndani, nani ataliona?

Aproni nimeiacha juu ya mifuko ya mbolea. Nguo zangu nimezifunga, kesho asubuhi naondoka. Nimejaribu muziki kidogo, hausikiki. Lakini hiki ni chumba tu. Wampembe ni uwanja wazi, sauti itajua yenyewe pa kutokea.