Mama Mkwe Anachagua Intakomu

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe kafika. Goti lake la kushoto litafanyiwa mazoezi kila asubuhi kwa siku kumi kuanzia Alhamisi, kliniki ya mlimani. Barabara imechimbwa, magari hayapiti. Pikipiki tu. Ninayo! Bahati mbaya mwanyumba wangu, aliyemuoa dada wa mke wangu, naye anayo. Tena mpya.

Mama kasema mezani kwamba atapanda na yule atakayemsikia vizuri njiani. Hapendi kupigiwa kelele kwenye upepo. Miaka thelathini na moja alikuwa opereta wa simu, akiwaunganisha watu kwa waya na plagi. Aliwaelewa hata waliopiga wakilia. Mwanamke wa namna hii hazaliwi kila mwaka.

Nilimuoa binti yake miaka kumi na moja iliyopita. Mwanyumba anaitwa "mwanangu". Mimi, kwa kuwa ni fundi wa fotokopi, naitwa "Bwana Mashine". Inauma. Nimekula kiapo: kabla ya Jumamosi nitaitwa mwanangu. Silaha yangu ni intakomu ya helmeti. Dereva anasema, abiria anasikia, upepo unabaki na mambo yake.

Jumanne, 5 Machi
Dukani asubuhi. Nikaona intakomu ya waya, helmeti mbili zimeunganishwa kwa uzi mmoja. Nikaona mbali: abiria aliyefungwa kwa waya haibwi na mwanyumba! Muuzaji kaniruhusu niijaribu.

Mke wangu kapanda. Sauti safi kabisa. Nilimsikia akiniambia nipunguze mwendo, mara nne. Tulipofika sokoni akashuka bila kuchomoa. Kaondoka yeye, ikafuata shingo yangu, nikafuata mimi, pikipiki ikanilalia. Muuza vitunguu kanisaidia kuinuka. Mke wangu kacheka mpaka akakaa chini.

Intakomu imerudishwa. Shingo yangu sasa inageukia kulia tu.

Jumatano, 6 Machi
Mwanyumba kaja na yake. Haina waya, inawaka taa za buluu, inapiga muziki, inaunganisha watu wanane kwa mpigo. Mama kauliza hao sita wengine ni akina nani na wanatafuta nini kwenye safari yake. Furaha niliyoipata!

Kisha kaomba apelekwe dukani mwenyewe. Niliyoyaona huko nitawasimulia wajukuu. Kakaa kwenye kigoda, kavaa helmeti, kafumba macho. Mimi nimesimamishwa mbele ya feni, nimevaa helmeti ya pili, nasoma gazeti kwa sauti. Intakomu ya kwanza kaikataa kabla sijamaliza kichwa cha habari: upepo unakula mwanzo wa maneno. Ya pili spika yake inakaa chini ya sikio. Ya tatu inakwaruza. Kauliza kama maikrofoni ina sponji, kama betri inamaliza siku, kama vitufe vinabonyezeka ukiwa na glavu. Kauliza pia kama abiria ana kitufe chake mwenyewe cha kumpunguza dereva sauti. Muuzaji alikuwa ameketi. Lilipofika swali hilo alikuwa amesimama wima, anajibu kwa adabu.

Ya tano ikashinda, nikainunua. Ndogo, yenye sura mbaya, ya watu wawili tu, kitufe kikubwa. Muuzaji kamwomba Mama amwandikie yale maswali kwenye karatasi ayabandike ukutani. Sijawahi kumpenda mtu na kumwogopa kwa wakati mmoja hivi.

Jioni nimepita karibu na gurudumu la mwanyumba. Valvu ikalegea. Sina zaidi ya kuandika.

Alhamisi, 7 Machi
Mwanyumba kaamka gurudumu halina upepo, na pampu hana. Pole yake. Mama kapanda kwangu.

Mpango wa leo nimeuwaza tangu kifungua kinywa. Sifa za ana kwa ana ni kujipendekeza. Sifa zinazosikika kwa bahati mbaya, hizo ndizo dhahabu! Basi katikati ya safari nikasema kwa sauti kwamba intakomu nimeizima kidogo, betri ipumzike. Sikuizima. Kisha nikajisemea, kama mtu aliye peke yake, kwamba mkwe kama huyu hakuna, kwamba hekima yake inanipa mwanga, kwamba laiti angejua ninavyomheshimu. Nyuma kimya. Nikajua machozi yanamtoka.

Tulipofika kliniki kavua helmeti, kanitazama bila haraka.

"Bwana Mashine, mtu anayejua laini iko wazi huvuta pumzi kabla ya kusema. Wewe umevuta mara tatu."

Nikatamani ardhi ipasuke. Lakini sikio gani hilo! Hata katika aibu yangu nimestaajabu.

Ijumaa, 8 Machi
Leo naandika yote.

Mama kaingia kliniki na helmeti yake mkononi, maana haamini kuiacha nje. Mimi nimekaa ukutani, yangu kichwani, kwa kuwa inaishikilia shingo. Akaja mwanyumba kwa miguu kuomba pampu. Kakaa kushoto kwangu. Kasema afadhali nimpeleke mimi, yeye hawezi siku kumi za kuhesabiwa kila shimo la barabarani na bibi kizee.

Nikawaka. Nikamwambia huyo bibi kizee amesikia siri za mji mzima miaka thelathini na moja na hajamwaga hata moja. Nimejaribu kumchokoa, hatoi! Nikamwambia ningempeleka hata siku mia. Nikamwambia nimechoka kuliona neno "mwanangu" likinipita kila siku kwenda kukaa kwake, na kwamba zile sifa za jana nilizitoa kwa hila lakini kila neno lilikuwa kweli. Nilipokwisha kufunguka sikuweza kufunga. Nikamwambia na valvu ni mimi.

Ndipo nikasikia kikohozi. Ndani ya helmeti yangu.

Mama katoka taratibu, helmeti kichwani, goti limefungwa bandeji.

"Mwanangu," kasema.

Nikageuka kulia kumtafuta mwanyumba. Hayupo, yuko kushoto. Mama alikuwa ananitazama mimi.

"Mwanangu, mpe mwenzio pampu. Na gurudumu utalijaza wewe."

Nimelia njia nzima. Kioo cha helmeti kikaingia ukungu, nimekosea njia mara mbili, na mashimo yote nimeyapitia. Hakuhesabu hata moja.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekaa na kutafakari. Somo liko wazi: sifa zinazosikika kwa bahati mbaya zinafanya kazi! Kosa langu lilikuwa pumzi tu.

Jumatatu mkurugenzi wetu anateua mkuu wa mafundi. Nitasahau simu ikiwa hewani mezani kwake, kisha nitamsifu kupitia simu ya ofisi nikiwa chumba cha pili. Nimejifungia chumbani, nimevaa helmeti ili nijisikie vizuri, nafanya mazoezi ya kusema bila kuvuta pumzi. "Mkurugenzi wetu ni mtu na nusu." Mara ya kwanza, mbaya. Mara ya pili, afadhali. Mara ya tano, laini kama siagi!

Sauti ikaja sikioni kutoka sebuleni, haina haraka.

"Mwanangu. Umevuta."

Sikio gani hilo! Naanza upya. Safari hii na taulo mdomoni.